Aliyekuwa barabarani hakukata tiketi

Saa saba na dakika 22 mchana, Jumamosi ya Agosti 22, 2015, magari yalikuwa kwenye taa za makutano ya barabara ya A27, kusini mwa Uingereza, jirani kabisa na uwanja mdogo wa ndege wa Shoreham, uliokuwa na maonyesho ya ndege siku hiyo. Katika gari moja walikuwamo vijana wawili wa timu ya soka ya Worthing United, wanaiwahi mechi yao. Katika jingine alikuwamo dereva wa gari la harusi, anakwenda kumchukua bibi harusi. Walikuwapo waendesha baiskeli, walikuwapo wenye pikipiki, na pembeni walisimama watu wachache waliokuja kutazama ndege kutokea nje ya uzio.

Juu yao, jeti ya kivita aina ya Hawker Hunter, iliyoundwa mwaka 1955, ilikuwa ikishuka kumalizia kitanzi angani, mchezo wa kupanda, kupinduka na kushuka kwa duara la wima. Haikukimaliza. Ilipiga barabarani ikalipuka moto. Watu 11 walikufa, na wote walikuwa nje ya uwanja. Miongoni mwa maelfu waliokuwa ndani ya uzio, waliolipa kiingilio wakakaa nyuma ya mstari wa watazamaji, hakufa hata mmoja. Rubani aliumia vibaya lakini alipona.

Mgawanyo huo wa vifo ndio ulionifanya niisome ajali ya Shoreham kwa miaka hii yote, kwa sababu haukutokea kwa bahati mbaya tu. Sheria za maonyesho ya ndege zilikuwa zimefanya kazi yake sawasawa: zilimlinda aliyekata tiketi. Aliyekuwa akipita zake barabarani hakuna aliyemwandikia chochote.

Tuanze na angani, maana pale ndipo penye hesabu. Rubani anapopiga kitanzi, anabadilisha mwendo kuwa kimo, kama mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kwa nguvu chini, anapanda juu sana. Ukimsukuma kidogo, anaishia katikati. Kwa ndege, ukifika kileleni kichwa kikiwa chini na miguu juu, kimo ulichonacho ndicho mtaji wako wote wa kushukia. Ukiwa pungufu, hakuna mkopo.

Kwa hiyo kila rubani wa maonyesho ana namba mbili kichwani kabla hajapaa: mwendo wa kuingilia kwenye kitanzi, na kimo ambacho lazima awe nacho kileleni. Marubani huiita namba ya pili lango. Umefika langoni, pita. Hukufika, geuza ndege ikae sawa, ondoka, rudi kwa zamu nyingine au nenda ukatue. Watazamaji wengi hata hawatagundua kwamba kuna kitu kimerukwa.

Kwa rubani wa Shoreham, kwa maelezo yake mwenyewe, mwendo wa kuingilia ulipaswa kuwa angalau noti 350 za angani, yaani karibu kilomita 650 kwa saa, na lango lilikuwa futi 3,500. Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza, AAIB, walitoa ripoti yao Machi 2017. Walikuta kwamba alianza kuinuka akiwa chini ya futi 200, ilhali kibali chake kilitaka sarakasi zisianzie chini ya futi 500. Mwendo wake ulikuwa kama noti 310. Injini haikuwa imesukumwa hadi mwisho wa nguvu zake. Kileleni alifika kama futi 2,700.

Noti 310 badala ya 350 zinaonekana si kitu. Mtu anayeendesha gari anaweza kusema ni tofauti ya kukanyaga mafuta kidogo tu. Lakini nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachokwenda inategemea mwendo kuzidishwa kwa mwendo. Ukipunguza mwendo kwa sehemu moja ya tisa, unapoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mtaji. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ile ya darasani, bila injini wala upinzani wa hewa: tofauti ya noti 40 hapo, ukiigeuza kuwa kimo, ni zaidi ya futi 1,000. Pengo la langoni lilikuwa futi 800. Ndege ilikuwa imeshashindwa kufika ikiwa bado karibu na ardhi, kabla hata haijainua pua.

Hata hivyo, pale kileleni ilikuwa bado inaokoleka. Wachunguzi waliwatumia marubani wa majaribio kurusha Hunter nyingine, wakathibitisha kwamba hata katika mwendo mdogo ule ndege ingeweza kugeuzwa ikakaa sawa na kuondoka salama. Dirisha la kujiokoa lilikuwapo, la sekunde chache. Rubani hakulitumia. AAIB walisema inaelekea hakutambua kwamba yuko chini ya lango.

Kwa nini asitambue? Hapa naomba msomaji aingie nami kwenye kiti kile. Umefungwa mikanda mabegani na mapajani. Jasho linakuingia machoni. Umetoka kuvuta fimbo na mwili umegandamizwa kitini kwa uzito mara kadhaa ya uzito wako, mashavu yakishuka, mkono ukiwa mzito kama umefungiwa jiwe. Sasa umepinduka, uzito umepungua ghafla, ardhi iko juu ya kichwa chako na unaitafuta kwa kuinua shingo, kwa sababu lazima ujue uwanja uko wapi na mstari wa watazamaji uko wapi. Jua linapita kwenye kioo. Katikati ya hayo yote unatakiwa urudishe jicho ndani, ulitue kwenye saa ya kimo yenye mshale na tarakimu, uisome, uilinganishe na namba uliyoibeba kichwani, na uamue. Una muda wa kama pumzi mbili. Hunter haina sauti ya kukuambia kwamba hujafika, wala haikuonyeshi namba mbele ya macho kwenye kioo kama ndege za siku hizi.

Wachunguzi waliorodhesha maelezo yanayowezekana: huenda hakuisoma saa kwa sababu ya shughuli nyingi au mwanga, huenda aliisoma vibaya, au huenda aliisoma vizuri lakini akakumbuka lango la ndege nyingine. Hili la mwisho ndilo linalonikaa moyoni. Rubani yule alikuwa na zaidi ya saa 14,000 angani. Aliwahi kurusha ndege za kivita za jeshi, na alikuwa rubani wa ndege za abiria. Lakini katika Hunter alikuwa na saa zipatazo 40 tu. Alikuwa amezoea pia kurusha Jet Provost kwenye maonyesho, jeti ndogo ya mafunzo, ya mwendo mdogo, ambayo lango lake ni la chini zaidi. Namba sahihi kwa ndege isiyo sahihi inaua kama namba ya uongo.

Kuna wanaodhani hili linaweza kumpata mstaafu anayeendesha ndege ya makumbusho mwishoni mwa wiki tu. Septemba 14, 2003, katika kambi ya Mountain Home, Idaho, nchini Marekani, rubani wa Thunderbirds, kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga la Marekani, alipaa akiwa na F-16 akapinduka ili ashuke kwa nusu kitanzi. Alihitaji kuwa futi 2,500 juu ya ardhi. Alikuwa futi 1,670. Kambi yao ya nyumbani, Nellis, iko chini zaidi kutoka usawa wa bahari kuliko Mountain Home, tofauti ya futi 1,100 hivi, na hesabu aliyoifanya ilikuwa ya nyumbani. Alijirusha nje kwa kiti kinachofyatuka, chini ya sekunde moja kabla ndege haijapiga ardhi, akanusurika. Hakufa mtu.

Baada ya ajali ile kikosi hakikuishia kuwahimiza marubani wawe makini. Walibadilisha namna ya kutaja kimo kwenye redio, wakaanza kutumia kimo kutoka usawa wa bahari ili asiwepo wa kujumlisha na kutoa kichwani, na wakaongeza futi 1,000 nyingine za kupanda kabla ya kupinduka. Futi 1,000! Hao ni marubani wanaofanya mazoezi ya onyesho lilelile kwa miezi, ndege ileile, kikosi kilekile. Kama wao walikubali kwamba jicho la binadamu litakosea tena na kinachohitajika ni nafasi ya kukosea, mtu mwenye saa 40 kwenye jeti ya miaka 60 alihitaji nafasi kiasi gani?

Uzee wa ndege nao una sehemu yake katika maonyesho haya, ila nataka tuuweke mahali pake. Mara nyingi baada ya ajali hizi watu hukimbilia kusema "ilikuwa kuukuu." Hunter ya Shoreham haikuanguka kwa sababu ilikuwa kuukuu. Wachunguzi walikuta kasoro za matunzo, zikiwamo baruti za viti vya kujirushia zilizopita muda wake, jambo lililowatia hatarini hata waokoaji waliofika kwenye mabaki. Lakini kilichoiangusha ni kimo.

Kwingine uzee ndio uliua. Novemba 14, 2009, kwenye maonyesho ya Overberg huko Bredasdorp, Afrika Kusini, jeti ya Lightning iliyoundwa Uingereza zama za vita baridi ilipata hitilafu na moto. Rubani alijaribu kutoka akashindwa, kwa sababu mfumo wa kumrusha nje haukufanya kazi, akafa pamoja na ndege. Machi 2025, huko huko Afrika Kusini, rubani mwingine alikufa jeti ya Impala ilipoanguka mbele ya watu kwenye maonyesho ya Saldanha. Na wiki tatu tu kabla ya Shoreham, Agosti 1, 2015, jeti ndogo ya Gnat ilianguka kwenye tamasha la magari huko Oulton Park, Uingereza, rubani wake akafa. Ukitazama ajali moja moja, kila moja ina sababu yake. Ukizitazama pamoja unaona jeti kongwe inavyopunguza nafasi ya kukosea kila upande: inakwenda kasi kuliko ndege ndogo za mapanga, vyombo vyake havimsaidii rubani, kuirusha ni gharama kubwa kwa hiyo mazoezi ni haba, na mambo yakiharibika kiti chake huenda kisimwokoe.

Rubani anayajua hayo. Anapanda kwa hiari yake, na mimi siwezi kumzuia mtu mzima kupenda kitu cha hatari. Nina heshima kwa watu wanaozitunza ndege hizi, wanaojaza mikono grisi usiku wa Ijumaa ili mlio ule usikike Jumapili. Hoja yangu haiko kwa rubani, iko kwa yule mwendesha baiskeli.

Mwaka 1952, Septemba 6, kwenye maonyesho ya Farnborough, jeti ya majaribio DH.110 ilivunjika vipande angani, na mabaki yakawaangukia watazamaji. Walikufa watu 29 chini, pamoja na wawili waliokuwa ndani ya ndege. Uingereza ilishtuka, ikaandika sheria kali: ndege zikae umbali maalumu kutoka kwa watazamaji, zisiwaelekee, zisipite juu yao. Sheria hizo zilifanya kazi kwa miaka 63. Katika muda wote huo hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeuawa na ndege ya maonyesho nchini humo. Ulaya bara haikuwa na bahati hiyo: Ramstein, Ujerumani, mwaka 1988, walikufa watu 70, Sknyliv, Ukraine, mwaka 2002, jeti ya Su-27 iliwaua 77, wakiwamo watoto 28.

Basi Waingereza walijivuna na walikuwa na haki ya kujivuna. Lakini angalia sheria ile imejengwa juu ya nini. Imejengwa juu ya mstari wa watazamaji. Umbali wote unapimwa kutoka kwenye mstari huo. Ukiisukuma ndege mbali na watazamaji, unaisukuma iende juu ya kitu kingine. Kule Shoreham, kitu hicho kilikuwa barabara kuu, barabara inayofahamika kwa foleni zake, inayopita upande wa kaskazini wa uwanja. Ilionekana kwa macho ya mtu yeyote aliyesimama kwenye njia ya ndege. Haikuwa siri wala haikujengwa usiku wa kuamkia siku ile.

Ripoti ya AAIB ina sehemu moja niliyoirudia mara nyingi kuliko zile za kasi na kimo. Wachunguzi waliuliza: nani alikuwa amebeba jukumu la usalama wa watu walioko nje ya uwanja? Mdhibiti, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, CAA, iliamini kwamba hatari ile ni ya waandaaji. Waandaaji waliamini kwamba CAA isingewapa kibali kama isingeridhika na usalama. Ni chombo chenye manahodha wawili, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyeshika usukani. Hakuna mtu wala ofisi iliyokaa chini ikajiuliza: ndege hii ikikosea hapa, itaangukia nini, atakufa nani, na tufanye nini leo ili asife?

Swali hilo si la utaalamu wa juu. Mtu anayekata mwembe uliolalia barabara huuliza swali hilo kabla ya kuchukua shoka. Anamweka mtoto huku na mwingine kule, wasimamishe watu. Na haijalishi ana uzoefu gani wa kukata miti.

Baadaye jambo lilikwenda mahakamani. Machi 2019, katika mahakama ya Old Bailey jijini London, wazee wa baraza walimwona rubani hana hatia ya kuua kwa uzembe mkubwa. Utetezi wake ulikuwa kwamba nguvu za mgandamizo zilivuruga fahamu zake angani. Desemba 2022 mchunguzi wa vifo, kwa kipimo cha ushahidi kisicho kikali kama kile cha kesi ya jinai, alihitimisha kwamba wale 11 waliuawa isivyo halali. Najua wasomaji wengi wataona hapa kuna mkanganyiko, na familia zilisubiri zaidi ya miaka saba kufika hapo. Kwangu mimi, maamuzi yote mawili yanamtazama mtu mmoja, jambo lililo lazima kwa mahakama lakini halitoshi kwa wanaotoa vibali. Hata kama fahamu zake zilivurugika kweli, jibu ni lilelile: binadamu anayegandamizwa na mvutano anaweza kuvurugika fahamu, kwa hiyo usimpangie kitanzi juu ya barabara yenye magari.

CAA iliamka. Hunter zilizuiwa kuruka. Jeti kongwe ziliruhusiwa kupita tu zikiwa juu ya nchi kavu, bila kitanzi wala kupinduka. Umbali uliongezwa, tathmini ya hatari ikatakiwa kuwa ya kina, wanaowapima marubani nao wakatazamwa upya, na ada zikapanda. Waandaaji walilalamika, hasa wa maonyesho madogo, kwamba wanauawa kwa gharama na makaratasi. Sidhani ilikuwa njama dhidi yao. Maonyesho ya Shoreham yenyewe yalikuwa ya kuchangisha fedha kwa ajili ya hisani, kazi ya watu wema waliojitolea. Wema wao haukuongeza hata futi moja kwenye kile kimo.

Zipo hoja za upande wa pili na baadhi zina uzito. Ya kwanza: miaka 63 bila kifo cha mtazamaji si jambo dogo, na kwenye barabara ileile ya A27 watu hufa kwa ajali za magari bila ndege yoyote. Ni kweli. Lakini mtu anapoingia barabarani anaujua mkataba wa barabara. Amekubali hatari ya lori, na lori lina bima, leseni na mipaka ya mwendo iliyowekwa kwa kumfikiria yeye. Kitanzi cha Hunter hakikuwa sehemu ya mkataba huo. Na hiyo miaka 63 ni hesabu ya watazamaji. Haikuwahi kuwa hesabu ya wapita njia.

Hoja ya pili ni kwamba jeti isipofanya sarakasi inakuwa kama kuku aliyefungwa kamba, haina ladha. Hapa nakataa kabisa. Hunter ni miongoni mwa ndege nzuri zaidi zilizowahi kuundwa. Mabawa yake yaliyolala nyuma na pua yake nyembamba havihitaji kupinduliwa ili vipendeze. Ipite kwa mzunguko mpana, bawa moja likielekea chini, jua likigonga mgongo wake. Mlio wa injini yake ya Avon utakufikia na kukupita. Mwaka 2016, kwenye maonyesho ya Farnborough, kikosi cha Red Arrows, fahari ya jeshi la anga la Uingereza, hakikufanya sarakasi zake. Kilipita tu, kwa sababu mji umekua ukauzunguka uwanja ule. Kama Red Arrows waliweza kukubali hivyo mbele ya dunia nzima, hakuna klabu ya ndege kongwe inayoweza kusema imedhalilishwa.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu ina suluhisho ndani yake: wapenzi wa ndege husema onyesho la kweli linahitaji nafasi. Basi liende kwenye nafasi. Miji ya pwani ya Uingereza kama Eastbourne na Bournemouth ilifanya kwa miaka mingi maonyesho juu ya bahari, watu wakiwa ufukweni, na vyombo vidogo vikiondolewa kwenye eneo la ndege. Ndege ikikosea, inaangukia maji. Shoreham nayo iko pwani. Bahari haifiki hata kilomita mbili kutoka uwanjani.

Agosti 2023 huko Michigan, Marekani, MiG-23 ya mtu binafsi ilipoteza nguvu ikiwa kwenye onyesho, wawili waliokuwamo wakajirusha, na ndege ikaangukia kwenye maegesho ya magari ya nyumba za kupanga. Hakufa mtu. Magari yalikuwa hayana watu. Miaka minane baada ya Shoreham, bara jingine, na bado waliokuwa chini waliokolewa na jambo dogo tu kwamba hawakuwa wameingia kwenye magari yao.

Na sisi? Hunter si mgeni katika ukanda wetu. Jeshi la anga la Kenya lilikuwa nazo miaka ya 1970, pamoja na Strikemaster, ndugu wa damu wa ile Jet Provost, na baadhi ya Hunter hizo baadaye ziliishia Zimbabwe. Hatuna bado klabu za matajiri wanaomiliki jeti za kivita, lakini maonyesho tunayo, na yanakua. Mei 2022 Nairobi ilifanya maonyesho ya ndege pale Uhuru Gardens, watu wakafurika. Uhuru Gardens iko kando ya barabara ya Langata, ambayo hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa habari za foleni zake.

Mimi nilikulia Chang'ombe, Dar es Salaam. Kila Desemba 9 sisi watoto tusiokuwa na nafasi uwanjani tulipanda juu ya paa la mabati la jirani, tukakaa tumeshikana mashati, tukisubiri ndege za jeshi zipite kuelekea Uwanja wa Uhuru. Kwanza unaziona, kimya, halafu mlio unafika umechelewa na mabati yanatetemeka chini ya makalio. Mama alikuwa akitoka uani amejifunga khanga na kupiga kelele tushuke tusije tukaanguka. Yeye alikuwa anaogopa paa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kufikiri kuhusu kilichokuwa juu, kwa sababu tuliamini kuna mtu mahali fulani, mwenye kofia na kalamu, ambaye ameshatufikiria.

Mtu huyo ndiye ninayetaka mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, TCAA na KCAA, zimtaje kwa cheo kwenye kila kibali cha onyesho la ndege. Sitaki kamati wala kifungu cha maneno kwamba wadau wote watashirikiana. Nataka cheo kimoja, sahihi moja, ya mtu aliyeuona mpangilio wote wa onyesho kabla ya siku yenyewe, mchezo kwa mchezo, akaulaza juu ya ramani yenye barabara, shule, soko na vituo vya daladala, na akaandika mahali ndege itakapoangukia rubani akikosea katika kila mchezo. Kama jibu ni makutano yenye taa, ama mchezo uhamishwe au barabara ifungwe. Barabara zetu tunazifunga kila siku kwa ajili ya misafara ya viongozi, tunajua kuzifunga.

Baada ya ajali ya Shoreham watu walianza kupeleka maua kwenye daraja la zamani la mbao linalovuka mto Adur, karibu na eneo la tukio. Walianza na mashada machache yaliyofungwa kwenye ukingo. Baada ya siku kadhaa mbao hazikuonekana tena, urefu wa daraja ulikuwa maua pande zote mbili, na kati yake jezi za soka, zimefungwa kwa kamba ili zisipeperushwe na upepo wa mtoni. Waliovuka walipita kwa mguu, polepole, katikati.